Chagua kiti kwanza, karatasi baadaye: ukweli kuhusu CPA, ACCA na wenzao

Kila matokeo ya KCSE yakitoka, na kila matokeo ya KASNEB yakitoka pia, makundi ya WhatsApp ya vijana hujaa swali moja: "Wasee, nifanye CPA ama ACCA?" Ndani ya dakika kumi majibu ni mengi kuliko wanachama. Mmoja anasema CPA imejaa, kila ploti ina mmoja. Mwingine anasema ACCA ndiyo tiketi ya Dubai. Wa tatu anatupa CFA hapo katikati, ati hiyo ndiyo ya watu wa pesa ndefu. Wa nne ana binamu anayelipwa vizuri na hakusoma yoyote kati ya hizo. Mjadala unapoisha, aliyeuliza hana jibu, ila amepigiwa simu na mawakala watatu wa vyuo wakimwambia nafasi zinaisha Ijumaa.

Kosa liko kwenye swali lenyewe. Kuuliza "ipi bora?" ni kama kusimama pale stendi ya Railways na kuuliza matatu gani ni kali bila kusema unaenda Rongai ama Kayole. Utapandishwa ile yenye muziki mkubwa, na nauli yako italiwa.

Hakuna mtu analipwa kwa sababu ya herufi zinazofuata jina lake. Analipwa kwa sababu kuna kazi inayotaka kufanywa, na mwajiri anaamini, ama sheria inamlazimisha kuamini, kwamba mwenye herufi hizo ndiye anayeiweza. Kwa hivyo anza na kiti. Unataka kuketi wapi ukifika miaka 30? Ofisi ya kaunti? Kampuni ya ukaguzi wa hesabu? Kiwanda pale Industrial Area? Benki? Ng'ambo? Ama ofisi yako mwenyewe mtaani, jina lako likiwa mlangoni? Kila kiti kina karatasi yake, na mengine yote ni mapambo.

Uongo mtamu: "CPA ni ya hapa, ACCA ni ya dunia"

Kauli hii ina ukweli nusu, na ndiyo maana inauzika. CPA ya Kenya hutahiniwa na KASNEB, bodi iliyoanzishwa mwaka 1969. Ukimaliza, unaomba uanachama wa ICPAK, taasisi ya wahasibu iliyoanzishwa 1978. ACCA nayo ni chama cha wahasibu cha Uingereza kilichoanza London mwaka 1904, na leo kina wanachama na watahiniwa karibu kila pembe ya dunia.

Lakini kuna kitu mawakala hawakuambii. Kenya ilianza kutumia viwango vya kimataifa vya uhasibu mwaka 1999. Maana yake, namna ya kuandika mkopo, mtambo unaochakaa ama mauzo ambayo mteja hajalipa ni ile ile, uwe umesomea River Road ama Manchester. Ile sehemu ngumu, inayowatoa watu jasho, ni ya kimataifa kwa zote mbili. Mtu asikudanganye kwamba CPA ni hesabu za kijijini.

Tofauti kubwa iko kwenye sheria na ushuru. CPA inakulisha sheria ya kampuni ya Kenya na ushuru wa Kenya mpaka ushibe. Na hapa ndipo kiti kinaanza kuamua. Kwa mujibu wa Sheria ya Wahasibu ya 2008, hauwezi kuamka tu ukatia sahihi ripoti ya ukaguzi wa hesabu za kampuni. Lazima uwe umesajiliwa na ICPAK na uwe na cheti cha kukuruhusu kuhudumu kama mkaguzi. Mtu wa ACCA anaweza kufika hapo, lakini kwa kawaida atatakiwa kuonyesha kwamba anajua sheria na ushuru wa hapa, yaani arudi kwa mitihani wakati mwenzake wa CPA ameshapita.

Na jambo lingine watu huchanganya: kufaulu mitihani na kuwa mwanachama ni vitu viwili. KASNEB inakupa cheti cha kufaulu. ICPAK ndiyo inakupa uanachama, na uanachama una ada kila mwaka pamoja na mafunzo ya kuendelea kunoa ujuzi. Msee amemaliza karatasi zote, ameziweka kwenye bahasha ya kaki, anatembea nazo miaka minne bila kujisajili, halafu anashangaa kwa nini tangazo linalosema "mwanachama aliye hai wa ICPAK" linampita.

Sasa tuzunguke vitini.

Kiti cha serikali

Kama ndoto yako ni ajira ya umma, iwe wizara, shirika la serikali ama mojawapo ya kaunti 47, usijisumbue sana. CPA. Chukua gazeti la MyGov, tafuta nafasi za wahasibu na wakaguzi wa ndani, uhesabu ni ngapi zinataja CPA. Hata wale walio ndani tayari, wengi wanakwama kupanda cheo kwa sababu hawajamaliza CPA. Wako kwa meza ile ile, wanaona vijana wakiwaruka.

Ila kuna onyo. Matangazo mengi ya umma, hasa ya vyeo vya kati kwenda juu, yanataka digrii pamoja na CPA. Karatasi ya KASNEB pekee inakufungulia mlango wa chini na wa katikati. Ngazi za juu zitakuuliza chuo kikuu kiko wapi. Hii haimaanishi usianze. Inamaanisha uanze ukijua, usije ukakasirika ukiwa na miaka 35.

Kiti cha ukaguzi wa hesabu

Kuna kampuni nne kubwa za ukaguzi ambazo kila mwanafunzi wa uhasibu anazijua kwa majina: Deloitte, PwC, EY na KPMG. Huko utapata watu wa CPA na watu wa ACCA wakikaa meza moja. Kwa kuingia tu, yoyote kati ya hizo mbili inatosha, na mara nyingi ni matokeo ya chuo, usaili na Kiingereza chako vinavyoamua zaidi.

Lakini jiulize: unapanga kukaa huko, ama kupitia tu? Anayetaka kupita miaka mitatu kisha aondoke nchini, ACCA inamfaa. Anayetaka kubaki Kenya, siku moja afungue kampuni yake ya ukaguzi Nakuru, Kisumu ama Mombasa, akague Sacco, shule na makanisa, anahitaji sahihi yake itambulike hapa. Huyo aende CPA moja kwa moja.

Na hata ndani ya CPA yenyewe kuna njia panda ambayo wengi hufika bila kufikiria. Mtaala wa sasa una ngazi tatu. Ya kwanza, ya msingi, ina karatasi sita. Ya kati ina sita. Ukifika ya juu unachagua eneo moja la kubobea: ushuru, ukaguzi, ama uhasibu wa usimamizi. Watu huchagua kwa kuuliza "ipi ni rahisi?" Hapo umefika na kiti chako kichwani ama hujafika. Anayetaka kukagua akichagua ushuru kwa sababu rafiki yake alisema maswali yake hutabirika, amejipunguzia nguvu mwenyewe.

Kiti cha ndani ya kampuni

Kuna watu hawataki kukagua hesabu za wengine. Wanataka kukaa ndani, wamwambie bosi bidhaa hii inatutia hasara, tawi lile lifungwe, bei hii ipandishwe kabla ya Desemba. Kazi hiyo inaitwa uhasibu wa usimamizi, na ina karatasi yake maalum: CIMA, taasisi ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1919. Mitihani yake ya mwisho wa kila ngazi inakupa kampuni ya kubuni yenye matatizo na kukuuliza utafanya nini. Kampuni za kimataifa zenye matawi hapa zinaielewa.

Lakini nenda kwa kiwanda cha kawaida cha Mkenya ama Mhindi pale Industrial Area, uulize meneja wa fedha ana nini. Jibu utakalosikia sana ni CPA. CIMA ni kiti kizuri, ila viti vyake ni vichache, na vingi viko kwenye kampuni ambazo zinaripoti kwa makao makuu ng'ambo. Kama hiyo ndiyo kampuni unayolenga, songa mbele. Kama hujui hata moja kwa jina, simama kwanza.

Kiti cha uwekezaji

Hapa ndipo vijana wengi wa mjini wanapoteza pesa. CFA imekuwa jina la kutamba nalo kwenye LinkedIn. Ni karatasi ya heshima kabisa. Ina mitihani mitatu, inatolewa na taasisi ya Marekani, na hupewi herufi zenyewe mpaka uwe na uzoefu wa kazi wa saa 4,000 unaohusiana na maamuzi ya uwekezaji.

Soma hiyo sentensi ya mwisho tena. Uzoefu wa uwekezaji, usio wa kuandika risiti ama kupokea pesa kaunta. Kazi za aina hiyo Nairobi ziko kwa mameneja wa hazina za pesa, kampuni za udalali wa hisa, baadhi ya idara za benki, bima na mifuko ya pensheni. Ni viti vichache vinavyogombewa na wengi. Ukiwa tayari ndani ya sekta hiyo, CFA itakusukuma juu. Ukiwa nje, na unadhani CFA yenyewe ndiyo itakuingiza, unaweza kufanya mtihani wa kwanza, ukafaulu, halafu ukabaki pale pale.

Kuna njia nyingine ambayo haizungumziwi sana. KASNEB ina CIFA, kozi ya wachanganuzi wa uwekezaji na fedha, na taaluma hiyo ina sheria yake hapa Kenya tangu 2015. Inalipiwa kwa shilingi. Kwa kijana anayetaka kujua kama kweli anapenda kuchanganua hisa na hatifungani ama anapenda tu suti, CIFA ni pa kuanzia pasipomaliza akiba ya familia.

Kiti cha anayeshika mifumo

Sehemu hii nitaipitia haraka lakini usiidharau. Pesa za Wakenya sasa zinapita kwa simu na kompyuta, na wizi pia umehamia huko. Kampuni zinataka mtu anayeweza kukagua mfumo wenyewe: nani ana nywila, nani anaweza kubadilisha salio, nani alifuta nini saa nane usiku. Karatasi ya kazi hiyo ni CISA, ya taasisi ya ISACA. Ni mtihani mmoja wa maswali 150, ingawa cheti kamili kinadai uzoefu wa miaka. Kwa ukaguzi wa ndani wa kawaida kuna CIA, ambayo ina sehemu tatu. Hizi mbili huwafaa sana watu ambao tayari wana CPA ama digrii ya kompyuta na wanataka kuongeza bei yao. Kuzifanya kama karatasi ya kwanza ukiwa na miaka 19 ni kununua rimu kali kabla ya gari.

Kiti cha ng'ambo

Sikiliza vizuri hapa kwa sababu herufi zinadanganya. Marekani wana CPA. Canada wana CPA. Australia wana CPA. Sisi tuna CPA. Ni herufi zile zile, karatasi tofauti. CPA ya Kenya haikufanyi CPA wa Marekani. Huko kila jimbo lina bodi yake, kuna mitihani minne, na kuna masharti ya masomo ya chuo kikuu kabla ya leseni. Wakenya wengi wanaofanya uhasibu kule walilazimika kurudi darasani ama kufanya mitihani hiyo upya. Ujuzi wa KASNEB uliwasaidia kufaulu, lakini haukuwafungulia mlango.

Kama ramani yako inaelekea Uingereza ama nchi za Ghuba, hapo ACCA inasema kitu. Ina mitihani 13, mtihani wa maadili wa mtandaoni, na miezi 36 ya uzoefu wa kazi. Waajiri wa Dubai na Doha wanaijua bila kuelezwa. Na habari njema ni kwamba aliyemaliza CPA ya Kenya akienda ACCA husamehewa mitihani kadhaa. Kwa hivyo anayesitasita kati ya kubaki na kuondoka anaweza kuanza na ya hapa, afanye kazi, apate pesa, halafu amalizie ya nje akiwa na mshahara wake. Njia hiyo ni ndefu kidogo, lakini hakuna anayeuziwa shamba.

Kwa walio karibu na mpaka, wahasibu wa Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda wana taasisi zao zenye makubaliano ya kutambuana. Kampala na Kigali ni karibu kuliko London, na msee wa CPA kutoka hapa si mgeni huko.

Kiti chako mwenyewe

Hiki ndicho nakipenda zaidi, na ndicho kinachozungumziwa kidogo zaidi. Tembea Gikomba, Kayole, Githurai ama Kongowea. Angalia maduka ya vipuri, mahadhari ya nguo, wauza nafaka, wenye saluni. Wengi wao hawajui mwezi uliopita walipata faida ama walikula mtaji. Wakati huo huo serikali imewafuata hadi kaunta: tangu Januari 2024, biashara inayotaka gharama zake zikubalike katika hesabu za ushuru inafaa kuwa na ankara za eTIMS. Ushuru wa mishahara unatakiwa kufika KRA kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, VAT kufikia tarehe 20, na marejesho ya mwaka ya mtu binafsi kufikia Juni 30. Wanapokumbuka ni siku ya mwisho, wanakimbilia saibakafe, mtoto wa watu anawajazia fomu kwa kubahatisha.

Mfanyabiashara huyo hahitaji mtu wa CFA. Hahitaji hata mtu aliyemaliza CPA yote. Anahitaji mtu mwaminifu anayejua kutunza vitabu, kusoma taarifa ya Till, kuingiza data kwa QuickBooks na kumkumbusha tarehe. Diploma ya KASNEB ya mafundi wa uhasibu, ile ATD, inatosha kuanza. Mafunzo ya QuickBooks yenyewe yanapatikana mtandaoni bila malipo, bora uwe na bando. Ukiwa na wateja kumi wanaolipa kila mwezi, una mshahara. Halafu unaendelea na CPA polepole, ukilenga ushuru kwenye ngazi ya juu, ili siku moja uombe leseni ya KRA ya kuwa wakala wa ushuru na uache kufanya kazi ukiwa nyuma ya pazia.

Na ATD ina faida nyingine. CPA inataka alama ya C+ kwenye KCSE. Aliyepata chini ya hapo huambiwa mtaani kwamba uhasibu si wake. Si kweli. Ukimaliza ATD unaruhusiwa kuingia CPA. Ni mlango wa nyuma, lakini nyumba ni ile ile.

Pesa ni sehemu ya uamuzi

Sasa tuongee mambo ya mfuko bila aibu. KASNEB inalipwa kwa shilingi. ACCA na CIMA ni pauni. CFA na CISA ni dola. Hii si tofauti ndogo. Mwezi Januari 2024 dola moja ilifika karibu Sh160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imerudi kama Sh130. Kwa ada ya dola 1,000, hiyo ni tofauti ya takriban Sh30,000 ndani ya miezi sita, na wewe hujafanya lolote zuri ama baya. Mzazi anayeuza maziwa Kinangop ama anayeendesha bodaboda Bamburi hawezi kupanga karo inayoruka hivyo.

Halafu kuna ada ambazo haziandikwi kwenye bango. Kujisajili. Kuhuisha usajili kila mwaka, hata mwaka ambao hukufanya mtihani wowote. Ada ya kusamehewa mitihani, kwa sababu ndiyo, unalipia hata ule mtihani ambao hufanyi. Vitabu. Karo ya chuo. Nauli. Ukimaliza, uanachama. Kabla hujaweka sahihi popote, andika haya yote kwa karatasi moja na ujumlishe mpaka siku ya mwisho, usiishie muhula wa kwanza.

Na kumbuka KASNEB haifundishi. Inatunga mitihani na kuisahihisha. Chuo ni biashara nyingine kabisa, na unaruhusiwa kujisomea nyumbani kwa karatasi unazojiamini na kulipia darasa kwa zile zinazokushinda tu. Mwenye chuo hawezi kukuambia hivyo. Ana kodi ya jengo ya kulipa.

Hasara kubwa ni nusu

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokatika, kwa hivyo siandiki haya nikiwa juu ya mnara. Naandika kwa sababu najua thamani ya karatasi ambayo haikuulizi baba yako ni nani wala kama ulimaliza shahada. Mtihani wa KASNEB hufanywa Aprili, Agosti na Desemba, na alama ya kupita ni 50 kwa kila mtu: aliyekuja na gari na aliyekuja na miguu. Kwa vijana waliofungiwa mlango wa chuo kikuu, huo ni mlango wa kweli.

Ndiyo maana inauma kuona unavyopotezwa. Mtaani kuna watu wana ngazi moja ya CPA, karatasi tatu za ACCA na jaribio moja la CFA. Ukijumlisha pesa walizotumia, wangekuwa wamemaliza moja. Lakini kwa mwajiri nusu tatu hazifanyi moja na nusu. Tangazo haliwezi kusema "tunatafuta mtu aliyejaribu". Anayeruka kutoka karatasi moja hadi nyingine kwa sababu ya video ya TikTok analipa ada za usajili mara tatu na hana cheti hata kimoja cha kuweka mezani.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Kwa kijana wengi wa hapa, asiye na pesa za kigeni na ambaye maisha yake ya miaka kumi ijayo yako Kenya, CPA ndiyo ya kwanza, na ATD kama alama hazikutosha. Nyingine zinakuja baadaye, zikilipwa na mshahara, kwa sababu kazi uliyonayo imezidai. ACCA iwe ya kwanza tu kama una mpango wa kweli wa kuondoka, ama unalenga mwajiri unayemjua anayeitaka, na una mtu wa kulipa pauni mpaka mwisho. Mpango wa kweli una nchi, una mwaka na una pesa. "Nataka tu kuomoka majuu" hiyo ni hamu.

Lakini lawama zote zisibebwe na vijana. Vyuo vinavyotangaza kozi hizi vinafaa kubandika mlangoni ni wanafunzi wangapi walifanya mtihani na wangapi walipita, badala ya kubandika picha ya yule mmoja aliyekuwa bora nchini. Waajiri nao waache mzaha. Kudai CPA kamili, miaka mitano ya uzoefu na ikiwezekana CFA, kwa kazi ya kuingiza risiti yenye mshahara wa kulipia chumba kimoja Umoja, ni kuwasukuma watu wanunue karatasi ambazo kazi yenyewe haizihitaji. Na wazazi, tafadhali, mtoto wa jirani asiwe ndiye mshauri wa taaluma. Yeye alienda kiti chake.

Wikendi hii fanya kitu kimoja kabla hujatuma hata shilingi. Tafuta matangazo kumi ya kazi unayotaka kuwa nayo ukiwa na miaka 30. Si kazi yoyote, hiyo unayoitaka. Andika kila tangazo linadai karatasi gani. Halafu mtafute mtu mmoja anayeketi kwenye kiti hicho, hata kama ni kwa LinkedIn, umuulize maswali mawili: alianza na nini, na kama angeanza leo angelipia nini. Wengi watakujibu, Wakenya hupenda kuulizwa ushauri. Ukiwa na majibu hayo na ile karatasi ya jumla ya gharama, utajua jina la mtihani wako bila kuuliza kundi la WhatsApp. Jisajili na huo mmoja tu, kisha usijisajili na mwingine mpaka uumalize.